Waliopandishwa na Wasiopandishwa

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Mungu ameumba watu wa aina mbili tu: waliopandishwa na wasiopandishwa. Utajiri na umaskini, rangi ya ngozi, nani kazaliwa Kanada na nani kashuka kwenye ndege jana, hayo yote niliyaona ni mapambo. Jambo la msingi lilikuwa moja. Ulipozaliwa, kuna mtu alikubeba akapanda nawe juu kabla hujashushwa chini? Kama yupo, maisha yako yatakwenda juu. Kama hayupo, pole yako. Mimi nilikuwa katika kundi la kupewa pole.

Imani hiyo sikutoka nayo Korogwe nilikozaliwa. Niliipata Toronto, katika ghorofa ya chini kabisa ya jengo letu la Flemingdon Park, jikoni kwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Edna.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alitutangulia Kanada, na tulipomfuata mimi na Mama nilikuwa na miaka saba. Baba alifanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni. Mama alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ya kuwaogesha, kuwavisha na kuwainua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Hapakuwa na shangazi wala bibi wa kuniachia. Edna, mjane ambaye mlango wake ulikuwa karibu na ngazi, alimwona Mama akihangaika nami asubuhi moja, akasema mtoto aje kwake kila akitoka shule. Tukamwita Bibi Edna. Yeye akaniita "bata." Wiki ya kwanza nilinuna, nikidhani ananicheka mwendo, kumbe kijijini kwake ndivyo wanavyomwita mtu wanayempenda.

Kijiji hicho kilikuwa Derbyshire, Uingereza, na nilikijua kabla sijaijua Toronto yenyewe. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini Bibi Edna alisimulia mambo yale yale kila siku huku akimenya viazi, na jambo ukilisikia kila siku litaingia tu. Kulikuwa na barabara moja, kanisa la mawe lenye mnara wa mraba, na kengele zilizopigwa na wanaume wa ukoo mmoja tangu babu wa babu zao. Kulikuwa na bwawa la bata, mhunzi mlevi, na shule ya chumba kimoja ambamo wakubwa na wadogo walisoma pamoja. Mavuno yakiisha, kijiji kizima kilikula karamu ghalani kwa tajiri mwenye mashamba, na kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya kukaa. Ukikaa pasipo pako, hutasemwa usiku ule, utasemwa mwaka mzima.

Na kulikuwa na Bi Pegg, mkunga. Huyo ndiye aliyewazalisha wanawake wote wa kijiji, na ndiye aliyewaosha maiti wote. Bibi Edna alisema Bi Pegg alikuwa wa kwanza kukushika na wa mwisho kukuosha, na katikati hapo alijua kila ulichofanya. Niliposimulia hayo nyumbani Mama alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema mtu kama huyo hata kwetu yupo.

Sasa sikiliza mila yao. Nyumba za kule zilikuwa na vyumba vya kulala juu, na wanawake walijifungulia huko. Maana yake ni kwamba safari ya kwanza ya kila mtoto ilikuwa ya kushuka, na waliamini mtu akianza maisha kwa kushuka atashuka mpaka kaburini. Dawa yake ilikuwa kiti. Kabla mtoto hajatolewa chumbani, Bi Pegg alipanda juu ya kiti akiwa amemkumbatia, akamwinua juu ya kichwa chake, halafu ndipo akashuka naye ngazi. Watoto wote wa kijiji walipitia kiti kile, isipokuwa mmoja.

Bibi Edna alizaliwa pacha. Wa kwanza alikuwa Mabel, mnene, analia vizuri, akapandishwa kitini kama desturi. Kisha akaja Edna, mdogo kama kiganja, na mama yao akaanza kutoka damu. Katika hekaheka ile mtu alimchukua yule mdogo mbio mpaka jikoni, akamweka kando ya jiko apate joto asife. Hakufa. Lakini alikuwa ameshushwa, na kijiji kizima kilijua. Akivunja sahani walisema, "Huyo si hakupandishwa." Akianguka bwawani, hakupandishwa. Mabel alichaguliwa malkia wa sikukuu yao ya mwezi wa tano, akavikwa taji la maua, wasichana wote wakimfuata nyuma, na Edna alibeba kikapu. Mabel akaolewa na mtoto wa mkulima mkubwa. Edna akaolewa na askari wa Kanada wakati wa vita na kuondoka, na hata huku, alisema, angalia wamenipa ghorofa gani.

Kila Krismasi Mabel alimletea kadi yenye picha ya nyumba yake ya mawe, mawaridi yamepanda mpaka madirisha ya juu. Bibi Edna aliisoma amesimama, kisha akaitia kwenye droo ya visu, picha ikiangalia chini. Mama alipoambiwa habari za mapacha hao alicheka, akasema basi huyo ni Doto, na Kulwa kabaki na nyumba. Tangu hapo akamwita Doto mbele ya uso wake, na Bibi Edna, alipoelezwa kwamba kwetu pacha wa pili ana jina lake rasmi, alilipokea kama zawadi.

Nilimuuliza Mama kama mimi nilipandishwa. Alikuwa anapika, akanijibu bila kugeuka kwamba nilizaliwa nyumbani kwa bibi yangu, nyumba ya chini, yenye mlango mmoja mbele na mmoja nyuma, ningepandishwa wapi, juu ya mnazi? Nikampelekea Bibi Edna jibu hilo. Akanisogezea biskuti.

"Basi tuko wawili, bata," akasema.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa mtoto mgeni, shuleni sina rafiki, na sasa nina chama changu cha watu wawili, mimi na bibi wa Kiingereza, wasiopandishwa wa Flemingdon Park. Nilijivunia kasoro ile kuliko watoto wengine walivyojivunia viatu vyao.

Kisha Mama akapata mimba.

Tumbo lilipokuwa kubwa, Bibi Edna alianza kumsumbua Baba. Hospitalini, alisema, wodi ya wazazi iko juu, kwa hiyo kabla hamjatoka chumbani panda kitini na mtoto. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema Waingereza walitutawala kwa bunduki na kodi, sasa wamebakiza kiti cha jikoni. Mama hakucheka. Yeye alikuwa ameshaandaa wanja wa kumtia mtoto kwenye paji la uso dhidi ya kijicho, na ameshaapa kwamba mtoto hatoki nje kabla ya arobaini, baridi au si baridi. Akamwambia Baba, "Mwacha mila ni mtumwa. Kama kwao ni heri, panda hicho kiti, utapungukiwa nini?"

Salimu alizaliwa mwezi wa pili, theluji imejaa mpaka vizingiti. Baba hakupanda kiti. Alisema baadaye kwamba wauguzi walikuwa wengi mle chumbani na yeye alikuwa na soksi iliyotoboka. Waliteremka kwa lifti ya hospitali kama watu wote, na walipoingia kwenye ukumbi wa jengo letu Bibi Edna alikuwa amesimama pale amevaa koti lake zuri, na mimi kando yake.

"Alipandishwa?" akauliza.

Baba akakuna kichwa. Nami, niliyekuwa nimesubiri siku hizo zote, nilisikia kitu kitamu kikinipita moyoni. Hakupandishwa. Basi tuko watatu. Nilikuwa tayari kumpenda.

Lakini Bibi Edna hakukubali. Alisema hospitali si nyumbani, mtoto bado hajaingia kwao, kwa hiyo njia ipo. Alinyoosha mikono. Mama alimtazama, akasema bismillahi, akamweka Salimu mikononi mwake. Baba alibonyeza kitufe cha lifti. Bibi Edna akasema mashine haihesabiki, kwao mtoto alipandishwa kwa miguu ya mtu, akausukuma mlango wa ngazi kwa bega.

Sisi tulikaa ghorofa ya sita. Mama, aliyekuwa hajiwezi, alipanda kwa lifti. Bibi Edna, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini mwenye magoti yaliyokuwa yakilia, alipanda kwa miguu, akipumzika kila kona. Baba alimfuata nyuma ameinyoosha mikono kama mtu anayesubiri embe lidondoke, akinong'ona dua na maneno mengine yasiyo dua. Nyuma kabisa nilikuwa mimi. Niliona shali nyeupe begani kwake na kichwa kidogo chenye wanja, na nilijua kwa uhakika kabisa kwamba ninaibiwa. Mama walikwisha kumchukua, hilo nilikuwa nimelizoea kidogo. Sasa wanamchukua na huyu. Aliyekuwa mwenzangu chini anampandisha mwingine, tena kwa magoti yale ambayo kwangu yalishindwa hata kwenda bustanini.

Juu, mbele ya mlango wetu, alimwinua Salimu kwa mikono miwili. Mama alikuwa amefungua mlango, analia. Baba naye alifuta macho, ingawa atakataa. Nikamvuta Bibi Edna koti.

"Na mimi?"

Alikuwa anahema, hata kuniangalia vizuri hakuweza. "Wewe umeshachelewa, bata," akasema. "Kama mimi."

Alilisema kwa upendo. Leo najua hivyo, lakini siku ile nilisikia hukumu.

Waswahili husema kipya kinyemi, na wageni walikuja kukithibitisha. Walileta nguo za mtoto, walimtazama mtoto, wakasema mtoto kafanana na Baba. Mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya nne, mtu mwema sana, alianza kumwita Mama "Mama Salimu," wakati tangu nizaliwe alikuwa Mama Zuhura kwa dunia nzima. Mama hakumsahihisha. Arobaini ilipoisha tulimpeleka Salimu kwa Bibi Edna kwa mara yake ya kwanza, na kumbe kwao mtoto akiingia nyumba mara ya kwanza hupewa yai, mkate, chumvi na njiti ya kiberiti, asikose chakula wala moto maishani. Vyote vilikuwa vimefungwa katika kitambaa safi. Mimi nilipoingia mle mara ya kwanza nilipewa juisi. Jioni Baba alilichemsha yai lile, akalila na ile chumvi, akasema anamtunzia mwanawe riziki. Nilimchukia hata yai.

Na mambo yakaanza kutimia. Ndiyo hatari ya imani za namna hii, ukishaziweka kichwani zinajitafutia ushahidi. Nikichelewa basi, sikupandishwa. Nikikosa kuchaguliwa kwenye mchezo, sikupandishwa. Shule zilipofunguliwa baada ya majira ya joto, mwalimu alitugawa makundi ya kusoma, na mimi nikawekwa kundi la mwisho. Sikulia wala sikushangaa. Nilifunga kitabu. Aliponitaka nijaribu ukurasa mwingine ili anihamishe, nilimwambia hakuna haja. Akajaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine. Mwishowe akamwita Mama.

Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba jioni ile Mama aliketi mezani na sinia la mchele, akawa anachambua, akaniuliza kwa nini sitaki kusoma na hali Korogwe nilikuwa nikisoma hata magazeti yaliyofungia maandazi. Nikamjibu alivyostahili kujibiwa, kwamba mimi sikupandishwa, kwa hiyo tusisumbuane.

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele. Nilitegemea kofi, au kicheko. Alichosema sikukitegemea.

"Kijiji cha Doto unakijua mpaka bwawa lao lina bata wangapi. Changu hujaniuliza hata mto wake unaitwaje."

Nilimtazama. Mama yangu alikuwa na wivu. Ulikuwa usoni, mtupu, nami niliutambua mara moja kwa sababu nilikuwa nikiishi nao. Wakati mimi nilikuwa nikimwonea wivu mtoto wa miezi saba, yeye alikuwa akikionea wivu kijiji cha mawe ambacho hakuna kati yetu aliyekiona.

Kisha akanisimulia. Siku yangu ya arobaini bibi yangu alinitoa nje kwa mlango wa mbele, akanionyesha jua. Akanizungusha nyumba yote, akanipeleka kisimani, akanipeleka kwenye mpaka wa shamba pale mkonge unapoanzia, na kwa kila jirani alisimama na kusema, "Huyu ni wetu, mkimwona popote mrudisheni." Jua lilikuwa kali na Mama aliogopa, lakini bibi hakurudi mpaka alipomaliza. Mto ni Pangani. Nilisikiliza yote. Halafu, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilikuwa na kichwa kigumu, nikauliza kama kulikuwa na ngazi mahali popote. Mama aliinuka akaenda kuosha mchele.

Siku chache baadaye alitoka kazini kama kawaida, akaja kutuchukua mimi na Salimu kwa Bibi Edna. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi na viatu vyeupe. Bibi Edna alikuja mlangoni na Salimu mikononi, tayari kumkabidhi. Mama hakumpokea. Alisema kwa Kiingereza chake cha wakati ule, kifupi na kilichonyooka, "Mshike huyo." Akatoa kanga mkobani, akaninyooshea kidole mimi, akachuchumaa mbele ya ngazi akinipa mgongo.

"Panda," akasema.

Nilikuwa na miaka tisa kasoro. Miguu yangu ilikuwa mirefu, nikaona haya, lakini nilipanda. Akanifunga kanga kiunoni, akasimama kwa kuushika ukuta. Bibi Edna alisema kwa sauti ya huruma kwamba haina maana, ni lazima iwe mara ya kwanza, mtoto alikwisha kushuka zamani. Mama alimjibu akiwa ameshaanza kupanda, kwamba tulipofika nchi hii nilipanda kwa lifti, na si yeye mwenyewe aliyesema mashine haihesabiki? Basi Kanada hii mtoto wake bado hajaingia.

Nakumbuka jasho la shingo yake. Nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia ya kazini kwake, na jinsi alivyohesabu kwa kunong'ona jina la Mungu badala ya ngazi. Nilimwambia nishuke, akasema nyamaza. Kwenye kona ya kwanza niligeuza kichwa nikatazama chini. Salimu, yule aliyepandishwa, alikuwa amebaki chini mikononi mwa Bibi Edna, na sitadanganya, utamu wa kile nilichokiona ulinitosha mwaka mzima. Lakini niliuona pia uso wa Bibi Edna. Alikuwa ameinua macho kututazama, na hakuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa na wivu. Mwanamke mzima, mwenye nywele nyeupe, alinionea wivu mimi kwa sababu nilikuwa na mtu wa kubishana na kijiji kwa ajili yangu.

Mama hakunishusha mpaka mlangoni kwetu, ghorofa ya sita. Mwezi uliofuata nilihamishwa kundi la kusoma. Bibi Edna akampa Mama mkate, chumvi, yai na kiberiti vya kwangu, kimya kimya, bila kueleza imekuwaje mila ikabadilika. Alifariki nikiwa sekondari, na Mama, aliyekwenda kumwona hospitalini, aliomba aruhusiwe kusaidia kumwosha.

Leo nina nyumba yangu Unionville, ya ghorofa, na Mama anaishi nami. Magoti yamekwisha. Daktari anasema ni miaka mingi ya kunyanyua uzito, na uzito wenyewe ulikuwa watu, wazee wa watu wengine aliowainua vitandani asubuhi na jioni mpaka alipostaafu. Majira ya baridi yaliyopita tulimrudisha kutoka kwenye upasuaji, na tukasimama chini ya ngazi tukijadili, mimi na Salimu. Mimi nilitaka tumwekee kitanda sebuleni. Nilikuwa bado naeleza sababu zangu wakati Salimu alipoinama, akamnyanyua Mama mikononi, akaanza kupanda naye. Mama alicheka kicheko cha msichana, akampiga begani, akamwita mwendawazimu.

Nikabaki chini, mtu mzima mwenye mvi zake, nikimwonea wivu mdogo wangu kwenye ngazi kwa mara nyingine. Nilitaka niwe mimi niliyembeba. Ndipo iliponijia kwamba katika kugawa kwangu kote, waliopandishwa huku na wasiopandishwa kule, mimi na Salimu na Edna na Mabel, sikuwahi kumweka Mama upande wowote. Hata siku ile, nikiwa mgongoni kwake, sikujiuliza yeye alibebwa na nani. Alizaliwa katika nyumba ile ile ya mlango mmoja mbele na mmoja nyuma. Alikuwa amefika umri wa kuitwa bibi ndipo akainuliwa, na hakuonekana kuona kwamba amechelewa.

"Zuhura," akaita kutoka juu, "niletee kanga yangu, nimeiacha kwenye kiti."

Nikaichukua ile kanga, nikapanda kwa miguu yangu mwenyewe.